Mgonjwa, Jarida na Suala la Kuwapo: Schumann na Schuncke, Leipzig 1834

Wahakiki wanaojadili maisha ya wasanii hulirejelea mara kwa mara swali moja la kimaadili: mtu mwenye kazi ya umma isiyoweza kusubiri, na ambaye wakati huohuo ana mpendwa mgonjwa asiyeweza kusubiri, awajibike wapi kwanza? Swali hili huulizwa kana kwamba pana mizani yenye vitanga viwili, kazi upande huu na mgonjwa upande ule, na kinachohitajika ni kupima tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mizani yenyewe ina kasoro. Kisa kinachochunguzwa ni cha jarida la muziki lililoanzishwa mjini Leipzig, katika uliokuwa ufalme wa Saxony, mwaka 1834, na cha vijana wawili miongoni mwa waanzilishi wake, Robert Schumann na Ludwig Schuncke.

Toleo la kwanza la jarida hilo, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Neue Zeitschrift für Musik, lilitoka tarehe 3 Aprili 1834. Waanzilishi walikuwa wanne: Schumann, Schuncke, Julius Knorr aliyetajwa kuwa mhariri, na mwalimu wa piano Friedrich Wieck. Mji ule ulikuwa tayari na jarida la muziki lenye heshima, Allgemeine musikalische Zeitung, lililokuwapo tangu mwaka 1798. Lakini jarida hilo lilikuwa mali ya Breitkopf & Härtel, yaani kampuni iliyochapisha na kuuza muziki uleule uliohakikiwa kurasani mwake. Mhakiki anayelipwa na muuzaji wa bidhaa ana sababu nyingi za kuwa mpole. Vijana wa Leipzig walitaka uhakiki usio na bwana, na kujitegemea huko kulikuwa na gharama yake: jarida lilitoka mara mbili kwa juma, wala halikuwa na kampuni kubwa nyuma yake ya kujaza kurasa endapo waandishi wangenyamaza. Wieck alikuwa mara nyingi safarini na binti yake Clara, mpiga piano aliyekwisha kupata umaarufu kabla hajatimiza miaka 15. Katika hali kama hiyo kila mkono ulihesabika.

Schuncke aliwasili Leipzig mwezi Desemba 1833. Schumann alikuwa ametoka tu katika majira ya misiba: ndani ya miezi michache ya mwaka huo alimpoteza shemeji yake Rosalie na kaka yake Julius, na huzuni ilikuwa imemfikisha ukingoni mwa wazimu. Vijana hao, wote wawili wenye umri wa miaka 23, wakawa marafiki wa kupikwa chungu kimoja na wakaishi pamoja. Schumann alimtunukia mwenzake Toccata yake, opasi ya 7. Schuncke naye akamtunukia Schumann sonata yake ya piano, opasi ya 3. Schuncke aliandika pia katika jarida. Huku akiandika, kifua kikuu kilikuwa kikimmaliza. Bakteria ya maradhi hayo haikugunduliwa hadi mwaka 1882, na dawa ya kuyaponya ilichelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwaka 1834 hapakuwa na la kufanya ila kukaa karibu na mgonjwa, kumpa kinywaji na kumgeuza kitandani. Aliyeifanya kazi hiyo ni Henriette Voigt, mpiga piano na mke wa mfanyabiashara wa mji huo. Schumann hakuwapo. Alikuwa amerejea kwao Zwickau, na huko ndiko habari ilikomfikia kwamba Schuncke amefariki dunia tarehe 7 Desemba, majuma mawili kabla ya kutimiza miaka 24.

Ni rahisi kumtetea Schumann kwa hoja ya kazi. Hoja yenyewe huenda hivi: jarida lilikuwa changa, lilihudumia umma mzima wa wapenda muziki, na mtu mmoja hawezi kuwa mhariri na muuguzi kwa wakati mmoja, kwani mshika mawili moja humponyoka. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Schumann angebaki Leipzig akizisoma prufu usiku kucha huku rafiki yake akikata roho mtaa wa pili. Sivyo ilivyokuwa. Jarida lilichapishwa Leipzig. Aliyekwenda Zwickau alikiacha kitanda na meza ya uhariri kwa pamoja. Waandishi wengine wataongeza kuwa siku hizo alikuwa pia na mchumba, Ernestine von Fricken, na kwamba moyo ulikuwa na safari zake. Hata hilo linathibitisha jambo lilelile: vitanga viwili vya mizani havikuwapo. Kazi haikushindana na mgonjwa. Ilichofanya kazi, katika masimulizi ya baadaye, ni kuupa woga jina la heshima.

Je, woga huo ni kosa? Kant alishikilia kuwa wajibu hauwezi kumdai mtu asiloliweza. Mtu aliyezika ndugu wawili mwaka uliotangulia, na aliyeiogopa akili yake mwenyewe, huenda kweli hakuweza kukaa penye harufu ya kifo. Utetezi huu ni wa haki zaidi kuliko ule wa kazi, maana angalau haudanganyi. Hata hivyo unajibu swali la lawama tu, wala haujibu swali la deni. Asiyeweza kulipa hasamehewi kwa sababu hiyo pekee. Anabaki mdeni asiyelaumika.

Hapa lugha ya Kiswahili ina jambo la kuchangia. Kitenzi -uguza kimeundwa kutokana na -ugua kwa umbo lilelile la usababishi linalozaa -punguza kutokana na -pungua. Kwa mantiki ya umbo, mwenye kuuguza angekuwa ndiye anayesababisha ugonjwa. Matumizi ya kawaida yanakataa. Mwuguzi hasababishi maradhi, wala si lazima ayaondoe, kwani kwa hayo viko -tibu na -ponya. Lugha imemweka ndani ya tukio la ugonjwa bila kumpa mamlaka yoyote juu yake. Isitoshe, husemwa tu kwamba fulani anauguza, pasipo kutajwa anayeuguzwa, kama inavyosemwa kwamba fulani anaomboleza: ni hali ya mtu, si huduma tu anayoitoa. Aristotle naye, katika sehemu ya maadili yake inayohusu urafiki, anashauri kuwa inafaa kumwendea rafiki aliye katika dhiki bila kungoja kuitwa, ilhali mwenye dhiki mwenyewe hufanya vyema akisita kuwaita wenzake. Wazee wa pwani walilisema kwa ufupi zaidi: mgonjwa haulizwi uji.

Mjadala wa aina hii una udhaifu mwingine, nao ni kumsahau mgonjwa. Mwana Kupona alitunga utendi wake, yapata mwaka 1858, akiwa yeye mwenyewe mgonjwa, na katika utendi huo mgonjwa ndiye anayesema na mwenye afya ndiye anayesikiliza. Schuncke vilevile hakuwa mzigo uliowekwa kando ya jarida. Alikuwa mmoja wa wenye jarida. Anayeuliza kama Schumann alipaswa kuchagua jarida au Schuncke amekwisha kumwondoa Schuncke katika orodha ya waanzilishi kabla hajafa.

Mnamo Januari 1835 Schumann alilichukua jarida mikononi mwake, akaliongoza kwa takriban miaka kumi, hadi 1844. Alimkumbuka Schuncke kurasani humo. Alimtunukia Henriette Voigt sonata yake ya pili ya piano, na mama huyo alipofariki mwaka 1839, naye kwa kifua kikuu, aliandika kumbukumbu yake katika jarida hilohilo. Matendo haya ni mema, na historia ya uhakiki ingekuwa maskini bila miaka ile kumi. Lakini yalilipwa katika akaunti nyingine. Deni la kuwapo lina tarehe yake; likipita, mdai hayupo tena wa kupokea, na kinachotolewa baadaye, hata kiwe kikubwa namna gani, ni zawadi kwa watu wengine. Inasikitisha kuona kwamba historia nyingi za jarida humtaja Henriette kama rafiki mkarimu wa wanamuziki tu, ilhali katika juma la kwanza la Desemba 1834 yeye ndiye aliyetimiza lile ambalo waanzilishi walidaiwa kumtendea mwenzao.

Yafaa kisa hiki kilinganishwe na kingine cha nyumba hiyohiyo. Mwezi Februari 1854 Schumann, ambaye sasa alikuwa mume wa Clara Wieck, alijitupa katika mto Rhine, akaokolewa na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich. Madaktari walimkataza Clara kumwona kwa zaidi ya miaka miwili. Kijana Brahms aliruhusiwa kuingia, mke hakuruhusiwa. Clara, mwenye watoto saba wa kulisha, alirudi jukwaani akasafiri mji hadi mji akipiga piano, na hakumwona mumewe hadi Julai 1856, siku mbili kabla ya kifo chake. Wako walioisoma hali hiyo kama malipo ya mwaka 1834. Usomaji huo ni wa kishirikina na haufai kuchukua nafasi ya uhakiki. La kuzingatiwa ni kuwa Clara amelaumiwa kwa ubaridi wa moyo na waandishi wasiotia neno kuhusu Zwickau. Yeye alizuiwa mlangoni, na kazi aliyoifanya ilikuwa ya chakula cha watoto. Mumewe, miaka 20 kabla, alikuwa na mlango ulio wazi.