Elimu ya Kiongozi na Amana ya Watu

Kampuni ichimbayo dhahabu huuza dhahabu. Kampuni itafutayo dhahabu huuza tumaini. Mwenye kununua dhahabu aweza kuitia mizanini, lakini mwenye kununua tumaini hana mizani ila yule amwuziaye. Kwa sababu hii kampuni za watafutaji wa madini zina desturi moja ambayo zamani niliidhani kuwa majivuno matupu. Katika vitabu wanavyowapa watu watakao kununua hisa, karibu na ramani na hesabu, huwekwa ukurasa wa viongozi: huyu ni mjiolojia, ameifanya kazi miaka thelathini, yule ni mhasibu, wa tatu ni wakili, wa nne alikuwa dalali wa hisa, wa tano ana shahada ya udaktari. Chini ya ardhi hakijaonekana kitu bado. Kilichopo juu ya ardhi ni watu hao na kazi zao zilizopita, na msomaji aombwa auamini mwamba asiouona kwa dhamana ya watu asiowajua.

Swali langu ni hili: elimu na kazi za zamani za kiongozi zatupa haki ya kuamini nini? Siulizi kwa ajili ya mabishano ya darasani. Nauliza kwa kuwa swali hili niliwahi kulijibu vibaya, na aliyelipa gharama ya jibu langu alikuwa mtu mwingine.

Mjomba wangu, mfugaji wa upande wa Shinyanga, alinijia siku moja na karatasi ya watu waliokuwa wakichangisha fedha ili watafute dhahabu. Aliikunjua mezani, akailaza vizuri kwa kiganja, akasema: "Mpwa wangu, wewe ni daktari. Nisomee, kisha niambie kama watu hawa ni watu." Nilisoma. Habari za miamba sikuzifahamu hata neno. Mimi ni mwalimu wa lugha, na udaktari wangu ni wa mashairi. Lakini majina yale yalifuatwa na shahada, na shahada nazijua, maana nimemaliza ujana wangu katika kuzitafuta. Nikamwambia, "Mjomba, watu hawa wamesoma." Sikuongeza neno. Aliuza ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna shimo lililochimbwa, wala hakuna ng'ombe aliyerudi. Wale watu sitawataja. Ninalolishika hapa si kosa lao bali ni langu. Mjomba aliniuliza kama watu hawa ni watu, nami nikamjibu kwamba wamesoma.

Juu ya nani afaa kuongoza kazi hii pana rai mbili zishindanazo tangu zamani. Rai ya kwanza yasema kiongozi awe mjuzi wa miamba mwenyewe. Georgius Agricola, tabibu wa Ujerumani, ambaye kitabu chake kikubwa cha madini kilitoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alitaka mtu wa madini awe na falsafa, utabibu, elimu ya nyota, upimaji, hesabu, ujenzi, uchoraji na sheria. (Nani awezaye kuajiri mtu wa namna hiyo, na kwa mshahara gani, ni jambo jingine.) Rai ya pili yasema kutafuta madini ni kutafuta fedha kwanza, kwa hiyo aongoze ajuaye masoko, na mjuzi wa miamba awe chini yake.

Watu wa bahari yetu hawakuona ugumu katika shindano hili. Katika vyombo vya kale vya Bahari ya Hindi nahodha alikuwa mwenye chombo au wakili wa mwenye chombo, mwenye neno juu ya shehena na biashara. Ajuaye nyota na njia aliitwa mwalimu. Watu wawili waliongoza chombo kimoja, kila mmoja kwa elimu yake, na chombo kikafika. Lakini abiria wa jahazi alikuwa na vitu viwili ambavyo mwenye hisa hana. Cha kwanza ni bandari: mwalimu akikosa njia, abiria hahitaji shahada ili ajue kwamba mji ule si Maskati. Cha pili ni kwamba mwalimu alikuwamo chomboni, na chombo kikizama naye huzama. Safari ya kutafuta madini ni safari ambayo abiria hubaki nyumbani wakingoja barua.

Kisa kinachoonyesha ubaya wa hali hiyo kuliko vingine vyote ninavyovijua ni kisa cha Busang. Kampuni yenyewe iliitwa Bre-X, ya mji wa Calgary nchini Kanada. Mwanzilishi wake, David Walsh, alikuwa mtu wa biashara ya hisa, yaani nahodha. Mwaka 1993 kampuni ilipata mahali paitwapo Busang, msituni katika Kalimantan ya Mashariki, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Mkuu wa utafutaji alikuwa John Felderhof, mjiolojia mzaliwa wa Uholanzi aliyesoma Kanada, mmoja wa wale wanaohesabiwa kuwa waligundua shaba na dhahabu ya Ok Tedi, Papua Guinea Mpya, mwaka 1968. Aliyesimamia kazi ya porini alikuwa Michael de Guzman, mjiolojia wa Ufilipino. Basi walimu walikuwapo, na walimu wa kweli. Ujiolojia wao haukuwa wa kughushi, na Ok Tedi ilikuwa imekwisha kuwa machimbo makubwa yaonwayo kwa macho.

Kila baada ya miezi michache dhahabu ya Busang iliongezeka katika matangazo, hata mwanzoni mwa mwaka 1997 ikatajwa kuwa wakia milioni 71. Thamani ya kampuni sokoni ilifika kama dola bilioni 6 za Kanada. Mwezi Machi mwaka huo, mjini Toronto, Felderhof alitunukiwa heshima ya mtafutaji bora wa mwaka, na waliompa si washamba bali ni watu wa kazi ile ile. Mwezi huo huo, tarehe 19, de Guzman alianguka kutoka katika helikopta iliyokuwa ikimpeleka Busang, akafa. Tarehe 26 kampuni ya Freeport-McMoRan, iliyokuwa imetoboa mashimo yake yenyewe ili kuhakikisha, ilitangaza kwamba dhahabu iliyoiona ni kidogo isiyo na maana. Tarehe 4 Mei wapimaji wa kampuni ya Strathcona walitoa taarifa yao: dhahabu ya kuchimbwa hakuna, na sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono wa mtu, kwa kiasi ambacho hawakujua mfano wake katika historia ya madini. Chembe zilizokutwa humo zilikuwa na kingo za mviringo kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto, siyo kama dhahabu iliyolala mwambani.

Nataka nisimame kidogo juu ya jambo moja dogo la kisa hiki, kwa kuwa naona ndilo kubwa. Mashine ya kuchoronga hutoa ardhini jiwe refu la mviringo, mfano wa mchi wa kinu. Desturi ya kazi ni kuupasua mchi huo kwa urefu wake. Nusu moja hupelekwa maabara ikasagwa na kupimwa. Nusu ya pili hulazwa sandukuni, ikaandikwa namba ya shimo na kina chake, ikawekwa. Inawekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu mwenye shaka ambaye bado hajaja. Busang karibu mchi wote ulisagwa. Wageni walipouliza, walipewa sababu ya kitaalamu: dhahabu ya pale, waliambiwa, imetawanyika ovyo ovyo katika mwamba, kwa hiyo sampuli kubwa hutoa kipimo kilicho sahihi zaidi. Sababu hii si ya kipumbavu. Yaweza kuwa kweli mahali pengine. Mjinga asingeweza kuibuni, na lau angeibuni asingesadikiwa. Elimu ndiyo iliyouvika udhuru ule nguo za heshima, na waliousikia, wasomi wa mabenki na madalali, waliinamisha vichwa wakaandika.

Yaweza kusemwa kwamba haya ni habari za wezi, na wezi wamo katika kila kazi. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Walsh alikufa mwaka 1998. Felderhof alikana siku zote kwamba aliujua udanganyifu, akashitakiwa huko Ontario kwa makosa ya biashara ya hisa, na mwaka 2007 mahakama ikamwachilia. Alikufa mwaka 2019. Tukilishika neno la mahakama, kama itupasavyo, twabaki na jambo gumu kuliko wizi. Mtu mwenye elimu ya kweli na ugunduzi wa kweli nyuma yake aliongoza kazi ambayo ndani yake hapakuwa na kitu, naye asione. Sifa zake za zamani zilisema kweli juu ya zamani. Juu ya Busang hazikusema neno. Sisi wasomaji ndio tuliozisemea.

Kanada ilitunga kanuni baada ya kisa hicho, nayo ikaanza kutumika Februari 2001. Taarifa ya madini itolewayo kwa wenye hisa yapasa isimamiwe na mtu mwenye sifa: mhandisi au mjiolojia mwenye uzoefu usiopungua miaka 5, uliohusu mambo anayoyaandikia, tena mwanachama wa chama cha kitaaluma chenye mamlaka ya kumwadhibu mwanachama wake. Wengi husoma kanuni hii wakaona kuwa imeongeza vyeti. Mimi naona uzito wake umo katika sharti la mwisho. Shahada na miaka zaonyesha kwamba mtu aweza kujua. Chama kiwezacho kumfukuza chaonyesha kwamba yuko mtu wa kumwita na kumwuliza. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na waama twayachanganya kila siku, hata katika vyuo vyetu.

Je, asiye na cheti hafai? Vilima vya Merelani vyatukataza kusema hivyo. Tanzanaiti, jiwe lililoanza kujulikana mwaka 1967, ina hadithi za wagunduzi zinazobishaniwa, wala katika zile zisimuliwazo sana hamna mjiolojia. Manuel d'Souza, aliyeandikisha eneo lake mwaka huo, alikuwa fundi cherehani wa Arusha. Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua kuwa mgunduzi, na ambaye Rais Magufuli alimzawadia shilingi milioni 100 mwaka 2018, hakulitambua jiwe lile kwa shahada. Kinyume chao yuko John Williamson, Mkanada aliyepata udaktari wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill. Huyu aliitafuta almasi kwa miaka, akiwa mara nyingi hana fedha, mpaka akaipata Mwadui mwaka 1940. Akaketi papo hapo machimboni mpaka kufa kwake mwaka 1958. Macho ya kuona jiwe, basi, hayana shule moja. Lakini fundi yule atafutaye kwa fedha za cherehani yake haombi kuaminiwa na mtu; akikosea, amekosea kwake. Ukurasa wa viongozi huanza kuhitajiwa pale mtu atafutapo kwa fedha za mwingine. Hapo ndipo utafutaji uachapo kuwa ustadi tu, ukawa amana. Na amana, kwa sheria na kwa desturi, ni kitu ambacho mwenyewe akija kukidai, hata usiku, chapasa kuonyeshwa.

Ndiyo maana ile nusu ya mchi iliyolala sandukuni yanieleza habari za kiongozi kuliko ukurasa wake wote. Kiongozi aiwekaye anakiri mbele ya watu kwamba aweza kuwa amekosea, au kwamba mtumishi wake aweza kuwa amedanganya. Amemwandalia kiti mtu atakayembishia. Ukiri huu haufundishwi pamoja na miamba wala pamoja na hesabu za hisa, na mtu aweza kuzimaliza shule zote mbili asiupate.

Najua nitajibiwa kwamba mfugaji hawezi kupima mwamba; mwisho wa yote atamtegemea mtu. Ni kweli. Lakini nalikumbuka jambo moja ambalo hunichoma kila nilikumbukapo. Mjomba wangu anunuapo ng'ombe mnadani hamwulizi mwuzaji alisoma wapi. Humfungua ng'ombe kinywa akatazama meno, humtembeza, huuliza kwa nini anauzwa, kisha humwendea mtu mwingine asiye na faida katika mauzo hayo akamwuliza tena. Ustadi wa kutia shaka alikuwa nao tangu utotoni. Siku ile, mbele ya meza yangu, angeweza kuuliza: fedha zao wenyewe zimo humu? Nani amepima zaidi ya wao? Aliyepima amelipwa na nani? Hakuuliza hata moja. Alikuwa amemletea daktari, na daktari alikuwa amekwisha kusema. Wale watu walimchukulia ng'ombe. Mimi, kwa maneno manne, nilimchukulia maswali yake.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe ulisoma yaliyoandikwa, mpwa wangu," akaomba maji ya kunywa. Mwaka jana alikuja tena na karatasi nyingine, ya watu wengine, ya dhahabu vilevile. Nilimsomea yote kwa Kiswahili, polepole, pamoja na ukurasa wa viongozi, kisha nikamwomba aseme yeye kwanza. Alinitazama kitambo, kana kwamba namfanyia mzaha. Halafu akaanza kuhesabu maswali kwa vidole. Yalikuwa saba, nami sikuwa na jibu la hata moja.