Acha Honi, Piga Hodi!

Unajua gari ni la nani. Unajua mlango wake, unajua saa anayorudi, unajua hata jina analoitwa na watoto wake. Basi kwa nini jana usiku ulipiga honi badala ya kupiga hodi?

Ndugu yangu mpangaji, nasema nawe! Umelipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Mkataba unasema nyumba pamoja na banda la gari. Unarudi kazini umechoka, na mbele ya geti lako limelala gari la jirani. Unapiga honi, unasonya, unaliacha gari lako barabarani. Kisha unapanda kitandani na hasira kifuani, na kesho yake unampita jirani bila salamu.

Haki ni yako, nani anabisha? Lakini umemwambia nani? Umemweleza mkeo, umewaeleza wenzako kazini, umemweleza kinyozi wako. Mwenye gari hujamwambia!

Amka! Kila usiku unaonyamaza, jirani anajifunza kwamba pale ni pake. Leo anapaki yeye, kesho atapaki mgeni wake, keshokutwa atapaki shemeji yake. Na siku utakapofumbua kinywa atakuuliza kwa mshangao, “Siku zote hizi mbona hukusema?” Utamjibu nini?

Fikiria usiku mmoja tu! Mke ameshikwa na uchungu saa 8 usiku. Mtoto ameshikwa na degedege. Jiko la gesi limewaka moto, umepiga 114, zimamoto wamefika, na geti limezibwa! Je, unangoja usiku huo ndipo utafute namba ya simu ya jirani?

Na iko hatari nyingine, nayo imo ndani yako. Umeshaanza kufikiria msumari. Usikatae! Umefikiria kuchora mlango wa gari lake, umefikiria kutoa upepo wa tairi, umefikiria jiwe na kioo. Likimbie wazo hilo! Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaweza kukupeleka jela hadi miaka 7. Aliyekuzibia geti atakuwa mlalamikaji, na wewe mwenye haki utakuwa mshtakiwa! Hasira hasara, na hasara hiyo utailipa wewe.

Umtazame basi jirani yako kwa jicho la haki. Chukua mitaa ya Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam: ilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilikatwa vidogo, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Nani siku zile aliwaza kwamba nyumba moja ingekuja kuwa na wapangaji wanne, na kila mpangaji na gari lake lililotumika Japani? Nafasi ni ile ile, magari yameongezeka! Amerudi usiku, ameona upenyo, ameegesha. Huenda mpangaji aliyekutangulia hakuwa na gari, akaweka magodoro na ndoo bandani. Huenda jirani hajui kwamba geti lile sasa linafunguliwa. Atajuaje nawe umenyamaza?

Njia unaijua, ulifundishwa tangu utotoni. Wewe wa kanisani, umeisoma Mathayo 18: nenda kwa ndugu yako peke yako kwanza, kisha nenda na shahidi mmoja au wawili, kisha ulifikishe jambo mbele ya kusanyiko. Wewe wa msikitini, umesikia mafundisho ya Mtume kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani. Neno hili unalijua! Umelisikia! Umelihubiri kwa wengine! Basi litende!

Nenda peke yako. Usiende usiku huku damu inachemka. Nenda jioni kabla hajapaki. Akiwa mkubwa kwako, mpe shikamoo. Kisha sema: “Jirani, lile banda nimelipanga mimi, na kila jioni naingiza gari humo. Naomba mbele ya geti pabaki wazi.” Sema hayo, uishie hapo! Usimkumbushe ya mwaka jana, usimtaje mkewe, usimtishie polisi. Chukua namba yake, mpe yako. Mkiweza, tafuteni pamoja mahali pengine pa kulilaza gari lake.

Asiposikia, mwite mwenye nyumba aliyepokea kodi ya banda hilo. Aliyekupangisha ana wajibu wa kuhakikisha unalitumia. Asiposikia tena, nendeni kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti awaite nyote wawili. Piga picha, andika tarehe, tunza mkataba. Kukiwa na dharura usiku, mgonjwa yumo ndani na mwenye gari haamki, hapo waite polisi bila kusita. Lakini pasipo dharura usianzie kituoni! Jirani uliyemshitaki kabla hujamsalimia, utaishi naye vipi ukuta kwa ukuta?

Na wewe! Ndiyo, wewe uliyepaki! Unasoma haya na unajua kabisa gari lako liko wapi. Umejiambia ni dakika tano, umejiambia hajarudi bado, umejiambia akitaka kupita atagonga. Nani amekupa ruhusa ya kuifunga njia aliyoilipia mwenzako? Inuka! Chukua ufunguo! Kaliondoe kabla hujaombwa!

Mpangaji, nakurudia. Alfajiri saa 11 jirani atawasha gari na kuondoka. Utaliona geti liko wazi, moyo utatulia, nawe utajiambia, “Nitamwambia jioni.” Hivyo ndivyo ulivyojiambia wiki iliyopita! Geti likiwa wazi unasahau, likizibwa unakasirika, na kati ya kusahau na kukasirika siku ya kuzungumza haifiki.

Jioni hii taa ya jirani inawaka, gari bado hajaliegesha mbele ya geti, na wewe bado una ulimi wa upole. Vaa viatu. Nenda!