Nyaya Tupu za Novemba

Vuli ya Ulaya inapoelekea ukingoni, nyaya zilizojaa mbayuwayu mwezi Septemba huwa tupu. Mtazamaji anabaki na jambo moja: ndege hawapo. Ila kutokuwepo hakuonekani kwa macho. Ni tafsiri ya akili, na akili haivumilii pengo. Aristotle alilijaza kwa mashimo ambamo mbayuwayu hujificha. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Sweden, akalijaza maji: alidai wavuvi huwaopoa mbayuwayu kwa nyavu, wameshikamana fungu zima. Hawakuwa wajinga hawa. Walitazama nusu ya jambo kwa makini, wakaidhani nzima.

Nadai basi kwamba kujua mambo ya namna hii si kazi ya jicho moja, hata liwe kali vipi. Magnus akiandika kitabu chake, mbayuwayu haohao walipishana juu ya migongo ya ng'ombe barani Afrika, wakiwinda wadudu wa mvua. (Kwetu vuli ndiyo mvua yenyewe, jina tumewaazima tu wenye majani makavu.) Mchunga ng'ombe aliwaona wakija asijue watokako. Nusu iliyokosekana Sweden alikuwa nayo yeye, na hakuna aliyemuuliza.

Atatokea wa kunikumbusha korongo wa Klütz, Ujerumani, aliyeuawa mwaka 1822 akiwa na mkuki wa Kiafrika shingoni, ambaye mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Huyo alihitaji shahidi gani? Lakini mkuki ule ndio shahidi: ni kauli ya mtu wa upande wa pili, ingawa aliyeurusha alitaka kitoweo tu. Hata pete iliyovishwa mbayuwayu huko Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, ilikuwa bubu mpaka Desemba 1912, ndege huyo aliponaswa kwenye nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, na mtu akaandika barua.

Setilaiti ni pingamizi zito zaidi, na kwa ndege aliyefungwa kifaa nakubali: njia yake inajulikana bila barua ya mtu. Wengi hawana kifaa. Mtazame kwezi wa Novemba uani Uingereza, madoa meupe kifuani, akigombania makombo ya mkate. Mwenye nyumba humwita ndege wake wa kila siku. Huenda ndiye, huenda pia aliingia juzi kutoka Urusi, na madoa ni yaleyale.