Roho Zilizorudishwa

Usiku wa kuamkia leo, kwa lugha ya Kurani, tulichukuliwa. Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, inatumia kitenzi kimoja, tawaffa, kwa roho za wanaokufa na za waliolala. Za waliolala hurudishwa hadi siku yao itakapofika.

Kwa Kiarabu, tawaffa ni kupokea kitu chote, kama mdai anayelipwa deni lake bila kubaki faranga. Shina hilohilo ndilo lililotupa neno wafati, yaani mauti, basi masikio yetu husikia kifo tu. Hapo ndipo ulipo ugomvi wa sura ya Aal Imran, aya ya 55, inayotumia shina hilo kwa Nabii Isa: alikufa, au alitwaliwa akiwa hai? Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya jumuiya ya Waahmadiyya, ya 1953, ilishika kifo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, aliyekamilisha yake 1969, aliwapinga waziwazi.

Mimi ningeandika “kuchukua”, wasomaji wabishane wenyewe. Maana ukiweka “kufisha” kila mahali, huyu mama anayekaanga mandazi hapo barabarani itabidi umwombee rehema. Naye alilala tu.