Tenda Wema, Usiende Zako

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Nimeusikia msemo huu tangu utoto na sikuwahi kuuhoji hata siku moja. Mwaka jana, mwezi wa Julai, kinyonga mmoja alinilazimisha niuhoji.

Nilikuwa natoka Makambako, nimeshuka garini na kushika njia ya kuingia Kidugala. Kando ya miwati nikawakuta watoto watatu wamezunguka kitu, mikononi wana mawe. Kumbe ni kinyonga. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa umevimba, unaning'inia.

Ndugu msomaji, wewe unajua kwamba kinyonga hapendwi. Anaogopwa kwa macho yake, kila moja likitazama upande wake, na kwa ngozi yake inayogeuka. Hata mbali na kwetu ana kesi. Wazulu wa Afrika Kusini wanasimulia kwamba ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Basi tangu hapo analipishwa.

"Mwacheni," niliwaambia.

"Kaka, huyu wa kwetu. Nunua."

Nikatoa shilingi 500. Nikaondoka naye ndani ya kofia, moyo mweupe kabisa. Nilikuwa nimetenda wema.

Bibi alipomwona alisimama mlangoni. "Wewe mjukuu wangu, umekosa kuku wa kufuga?" Nikamweka kwenye boksi la sabuni chumbani kwangu, na maji kwenye kifuniko. Usiku ule baridi ilikuwa ile ya kwetu, ya blanketi mbili. Kila nilipoamka nilimtoa nimtazame, nimpapase, nimpe moyo. Asubuhi alikuwa mweusi kama mkaa, na maji hajayagusa.

Nikaenda kwa bwana mifugo. Kwanza alicheka. "Mimi ni wa ng'ombe na nguruwe, bwana mdogo." Lakini alinieleza. Kinyonga kwa kawaida hanywi kwenye chombo, hulamba matone kwenye majani. Mwili wake hauna joto la kwake, lazima aote jua. Akipoa au akiogopa anakuwa mweusi, na kushikwashikwa ni mateso kwake. "Halafu," akasema, "mnyama wa porini si wa kufuga hivi hivi. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inataka kibali. Akipata nguvu mrudishe."

Niliona haya. Kumbe usiku kucha nilikuwa namtesa kwa mapenzi! Nikafunga tawi bichi dirishani, nikawa nayanyunyizia majani maji kwa vidole. Jua lilipopanda aligeuka kijani taratibu, akalamba tone la kwanza. Siku ya tatu alimnasa panzi kwa ule ulimi wake unaoweza kuupita mwili kwa urefu. Nilipiga kelele hadi bibi akaja kuangalia, akiwa amesimama mbali.

Siku ya nne hodi ikapigwa. Ni wale watoto. Wana kopo, na ndani ya kopo vinyonga wawili.

"Kaka, hawa nao wameumia."

Niliwatazama. Mmoja hakuwa na shida. Wa pili mguu wake ulikuwa umevunjika, na jeraha lilikuwa bichi, la asubuhi ile ile.

"Ameumiaje?" Kimya. Mkubwa wao alitazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwisho akasema, "Daftari zimeisha, kaka."

Nilikosa la kusema. Sikuuliza zaidi, na mpaka leo sijui kwa yakini nani aliuvunja mguu ule. Lakini najua nani aliyeupa bei. Kabla yangu, kinyonga mzima Kidugala hakuwa na thamani, wala kinyonga mgonjwa. Mimi kwa shilingi 500 nilifundisha somo zima njiani: aliyeumia analipiwa. Mtoto alielewa vizuri kuliko nilivyojielewa mimi.

Utasema, nia yangu ilikuwa njema. Naam, ilikuwa njema. Lakini nia njema haikumfaa kitu yule wa ndani ya kopo. Mwingine atasema, basi ungepita zako usijiingize. La hasha! Ningepita, yule wa kwanza angekufa kwa mawe mbele ya macho yangu, nami ningejiita mwenye busara. Kosa langu halikuwa kusimama. Kosa lilikuwa kulipa upesi ili niondoke upesi, kisha nidhani huruma na kumiliki ni kitu kimoja.

Na hili si la Kidugala peke yake. Kwa miaka mingi vinyonga hai kutoka Tanzania walipandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kufugwa majumbani, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sidhani kwamba wanunuzi wale walikuwa watu wabaya. Wengi nadhani waliwapenda wanyama wao kwa dhati, wakawatunza kuliko mimi na boksi langu la sabuni. Lakini kila aliyelipia mmoja alikuwa anasema bila kujua: leta mwingine.

Sasa narudi kwa wahenga. Wanaposema nenda zako, wanatukataza kungoja shukrani, na hapo wana haki. Ila mtenda wema akienda zake moja kwa moja, nani atabaki kuona wema wake umezaa nini? Mimi laiti ningekuwa nimesafiri siku ya tatu, hadi leo ningekuwa nasimulia jinsi nilivyomwokoa kinyonga.

Wale wawili sikuwalipia. Mzima tulimwachia siku hiyo hiyo. Aliyevunjika mguu alikufa usiku. Watoto niliwaita dirishani wamwone yule wa kwanza akinywa matone, na ajabu, walinyamaza kimya kama wako kanisani. Daftari yule mkubwa alizipata baadaye, kwa kazi ya kumsaidia bibi kuchambua maharage. Baada ya wiki mbili tulikwenda wote kumrudisha kinyonga wangu kwenye vichaka vya bondeni. Alipanda tawi akichechemea, hatua mbele, anasita, hatua mbele.

"Atapona?" mtoto aliniuliza.

Sikujua. Nilimwambia tukae kidogo tuangalie.