Mchunguze Muuzaji Kabla ya Nyoka

Kuna jibu limenikaa kooni tangu Jumamosi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14 anayeishi na mama yake Leicester, Uingereza, alimwuliza mwenye duka la wanyama kwa adabu zote: chatu huyu alizaliwa wapi? Bwana yule akajibu, "Afrika." Kijana hakuridhika, akauliza tena, "Afrika wapi?" Mwenye duka akacheka, akaninyooshea kidevu, akasema, "Kwao huyu mjomba wako." Halafu akataja bei.

Dharau ile naweza kuimeza. Nisichoweza kukimeza ni mtu kuuza kiumbe hai bila kujua kilikotoka wala kilivyofika, na kumwona mnunuzi anayeuliza kuwa msumbufu.

Nieleze nilifikaje pale. Kijana huyu anapenda nyoka tangu utotoni. Mama yake alizaliwa Korogwe kama mimi, na kwetu nyoka akiingia ndani, kinachotafutwa ni fimbo. Alikataa kwa muda mrefu, akalegea alipoona mtoto anaweka akiba, anasoma, na anaweza kumweleza mgeni yeyote joto analolihitaji chatu mchana na usiku. Sasa, sheria ya Uingereza ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hairuhusu mtu wa chini ya miaka 16 kuuziwa mnyama. Lazima anunue mtu mzima, na wajibu ubaki mikononi mwake. Mimi nilikuwa mgeni wao wiki hiyo. Dada akaniambia, "Kaka, mimi roho yangu haiwezi. Nenda naye wewe, ukaone kama ni kitu cha kuingia kwenye nyumba ya watu."

Nyoka mwenyewe si yule chatu wetu wa porini anayemeza mbuzi. Huyu ni chatu mdogo anayeitwa chatu wa kifalme, ambaye kwa kawaida hazidi mita moja na nusu. Hana sumu. Kwao ni nchi za nyasi na miti michache, kuanzia Senegal hadi Uganda. Mchana hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu, usiku hutoka kuwinda panya. Akitishwa, kwa kawaida hajirushi kuuma. Hujiviringa na kukificha kichwa katikati ya mwili, akangoja hatari ipite. Upole huo ndio uliomponza, kwa maana ndio uliofanya apendwe majumbani Ulaya na Marekani.

Pale dukani watoto kadhaa wa chatu walirundikwa ndani ya tangi moja la kioo. Mpwa wangu aliinama, akatazama bakuli la maji kabla ya kumtazama nyoka yeyote. Ndani ya maji yalielea madoa meusi madogo, nami nikadhani ni vumbi. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mjomba, huo ni utitiri, umezama." Kisha akanionyesha mmoja aliyekuwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi kidogo, na povu jembamba puani. Nyoka hana namna ya kukohoa kama sisi; mapafu yakimwugua, huinua kichwa hivyo ili apate hewa. "Twende," kijana akasema. Tukatoka.

Nataka msomaji alitazame kwa makini jibu la yule muuzaji, kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Tangu miaka ya 1970, chatu hawa wamesafirishwa kwa mamilioni kutoka Afrika Magharibi, hasa Togo, Benin na Ghana. Wawindaji huchimba mashimo wakati majike wana mayai, wakawabeba pamoja na mayai yao. Mayai huanguliwa kwenye mabanda, na vitoto hupandishwa ndege. Wengine hukamatwa porini wakiwa wakubwa, wakapelekwa hivyo hivyo. Mkataba wa kimataifa wa CITES unaruhusu biashara hiyo kwa vibali na viwango, kwa hiyo sisemi kila aliyesafirishwa ni wa magendo. Nasema kwamba nyoka aliyetolewa shimoni, akafungwa mfukoni, akapita mikono ya wawindaji, madalali, mawakala na waagizaji, hufika dukani na kupe, minyoo, kiu na hofu. Wengi hukataa kula hadi wanakufa. Mnunuzi hulaumiwa kwamba hakujua kulea, kumbe aliuziwa mgonjwa.

Madhara hayaishii kwa nyoka. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa aina tatu za kobe wa Afrika, kwa hofu ya kupe wanaoeneza ugonjwa wa moyo kujaa maji, ule ule unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji wetu. Mtu alitaka kobe wa kumfurahisha mtoto, nchi nzima ikahofia mifugo yake.

Baada ya kutoka dukani, daktari wa wanyama alituelekeza kwa mfugaji mmoja. Ni mama wa makamo, anafuga chatu katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, nje kidogo ya mji. Kabla hajafungua mlango alitunawisha mikono, na baada ya kushika nyoka alitunawisha tena, akimweleza kijana kwamba wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima, na kwamba mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano asiachwe kuwashika. Chumba hakikuwa na harufu. Kila nyoka alikuwa peke yake katika sanduku lake lenye maficho na maji safi, upande mmoja joto, mwingine wa kupoa.

Akamtoa jike mmoja mdogo, akamlaza juu ya karatasi nyeupe. Akampitisha polepole katikati ya vidole, kisha akatuonyesha karatasi: hakuna hata doa jeusi moja. Akatuonyesha macho maangavu, pua kavu, tundu la haja lililo safi, mgongo ulionyooka bila mifupa kujitokeza. Akaleta gamba alilojivua mara ya mwisho, limetoka zima kama soksi, hadi ngozi ya macho. Ulimi wa nyoka ulikuwa unaingia na kutoka bila kuchoka, na mwili ulimkaza kijana mkononi kwa nguvu ya kiumbe mwenye afya.

Halafu akaleta daftari. Humo mliandikwa mama na baba wa nyoka yule, tarehe mayai yalipotagwa, tarehe alipoanguliwa, uzito wake wa kila mwezi, na kila mlo. Alipokataa kula, iliandikwa kwa wino mwekundu: amekataa. Mama yule hakuzificha tarehe nyekundu. Alizionyesha kwa kidole, akaeleza sababu ya kila moja. Nilizitazama kwa muda mrefu. Mfanyabiashara anayekuonyesha mabaya ya bidhaa yake bila kuulizwa ni adimu katika soko lolote, liwe la nyoka, la magari au la viwanja.

Maswali yakatugeukia sisi. Sanduku mmeshanunua? Lina kidhibiti joto? Panya waliogandishwa mtawaweka wapi, na mama mwenye nyumba amekubali? Mkisafiri kwenda Tanzania nani atabaki naye? Ukienda chuo kikuu je? Kwani chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30, na wapo wanaozidi. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja anayekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020. Mpwa wangu alijibu yote isipokuwa lile la chuo. Mama yule akaizuia pesa niliyokuwa nimekwisha kuitoa. Akasema hatauza siku hiyo. Tuliandae sanduku kwanza, tulipime joto lake hadi litulie, tuzungumze na mama wa mtoto kuhusu miaka ijayo, ndipo turudi. Na tukirudi, nyoka atakula mbele ya macho yetu kabla ya kuondoka naye.

Nimenunua vitu vingi maishani, lakini sikumbuki muuzaji mwingine aliyeikataa pesa yangu kwa kukihurumia anachokiuza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilitumwa kumchunguza nyoka, kumbe kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumchunguza muuzaji.

Najua yupo anayenisoma na kutikisa kichwa. Atasema, watu wana shida zao, wewe unatuletea habari za nyoka wa Wazungu. Nyoka ni nyoka, akionekana auawe. Ndugu yangu, hata Afrika hatuna kauli moja juu ya jambo hilo. Nenda Ouidah, Benin. Mji ule una hekalu la chatu, na chatu huyu huyu akiingia nyumbani kwa mtu hubebwa kwa heshima na kurudishwa. Na huyo nyoka tunayemwua bila kuuliza ndiye anayekula panya ghalani.

Mwingine atasema kwa upole zaidi: yule mwindaji wa Togo ana watoto, ukiacha kununua nyoka wake unamnyima riziki. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu njaa haijadiliwi kirahisi. Lakini fuateni pesa. Aliyeingiza mkono shimoni ndiye anayepata senti kidogo kuliko wote, na bei hupanda katika kila mkono unaofuata, hadi dukani Ulaya. Shimo likiisha nyoka, atakayebaki mtupu ni yule yule mwindaji. Mwenye duka atahamia kwa mnyama mwingine. Tayari wataalamu wamemweka chatu huyu katika orodha ya wanaokaribia kutishiwa.

Wa tatu atasema, basi mfugaji yeyote anayezalisha mwenyewe ni mwema. Hapana. Wapo wanaozalisha kwa tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliingia sokoni aina ya chatu mwenye michirizi myembamba mithili ya utando wa buibui, ikapendwa mno kwa uzuri wake. Nyoka wa aina ile huzaliwa na hitilafu ya sikio la ndani. Kichwa hutikisika na kupinda, na wengine hushindwa hata kulenga chakula. Kasoro hiyo inaandamana na urembo wenyewe, haiwezi kutenganishwa nao, na bado wapo wanaoendelea kuwazalisha kwa sababu wananunulika. Mfugaji mwaminifu atakuambia jambo hilo mwenyewe, tena atakukatalia.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya mbali. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, yupo mjusi mdogo wa buluu ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa hapo na misitu michache ya jirani. Anaishi kwenye miti jamii ya mkadi. Wakusanyaji walikuwa wanaikata miti ile chini ili wamfikie mjusi, wamwuze nje kwa wapenzi wa wanyama. Mwaka 2016 ikabidi CITES imweke katika daraja la juu kabisa la ulinzi, na mwaka huo huo Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Nchini Kenya, mwaka 2025, mahakama iliwatia hatiani watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi hai waliokusudiwa soko la nje. Sisimizi! Palipo na mnunuzi asiyeuliza, patapatikana wa kuchimba, wa kukata mti na wa kufunga mzigo.

Ndiyo maana sikubali kwamba swali la mpwa wangu lilikuwa la kitoto. Kanuni za Uingereza za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni ya kuuza wanyama wa kufugwa aonyeshe katika tangazo lake namba ya leseni, umri wa mnyama na nchi anakotoka. Kijana aliulizia haki yake, na jibu la "Afrika" halitoshi. Afrika ina nchi zaidi ya 50, zina majina, zina misitu yenye majina, na kiumbe kinachotolewa humo kina mahali kilipozaliwa.

Kwa Waswahili wenzangu mlio ughaibuni, ambao watoto wenu watawaletea ombi hili mezani, nasema hivi. Msiwazomee, wala msikimbilie kuwanunulia. Nendeni nao. Ombeni daftari la mlo na uzito, ombeni kuwaona wazazi wa nyoka, ombeni kumwona akila. Mtazameni muuzaji kama anawauliza maswali au anahesabu pesa tu. Nanyi mlio nyumbani Tanzania mkumbuke kwamba huwezi kumweka mnyamapori ndani bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Anayekuuzia chatu kando ya barabara anakuuzia kesi.

Kuuliza si ujinga. Muuzaji asiyejua mnyama wake alizaliwa wapi hastahili kulipwa hata shilingi moja, na akikucheka kwa kuuliza, mwache na bei yake.