Aachaye Kutafuta Kazi, Je, ni Mvivu?

Wahenga wetu walisema kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Methali hii ni njema, nayo imewatia nguvu wengi. Lakini katika nyumba zetu nyingi leo yumo kijana ambaye maisha yake yaipinga. Alimaliza masomo, akatafuta kazi mwaka wa kwanza, akatafuta na wa pili. Sasa hatafuti tena. Amechoka, wala hakupata. Jirani humwona ameketi barazani saa nne ya asubuhi, naye hutoa hukumu kwa neno moja: mvivu. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Yatupasa kwanza kupima gharama ya kutafuta. Mtu asiye na mshahara hutakiwa kulipa nauli, kutoa nakala za vyeti, kuvipeleka kwa wakili vithibitishwe, kupiga picha, na kulipia intaneti ili atume maombi. Fedha hizo hutoka kwa mama auzaye maandazi, au kwa kaka aliyekwisha kusaidia mara nyingi. Kisha majibu hayaji. Au huja tangazo litakalo uzoefu wa miaka 3 kwa mtu ambaye hajapewa hata siku 1 ya kuupata. Hatimaye kijana hupiga hesabu, akaona kwamba nauli ya kesho ni unga wa leo. Asipokwenda tena, tusiseme amependa kukaa. Amekataa kula chakula cha wadogo zake.

Wako wasemao kwamba uvivu ndio uliotangulia. Historia yatufundisha kinyume. Katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, watu wengi walitegemea kiwanda kimoja cha nguo, nacho kikafungwa kati ya 1929 na 1930. Wataalamu, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichunguza maisha ya wanakijiji, wakatoa kitabu mwaka 1933. Walikuta nini? Watu waliozoea kazi na kusoma sasa walikuwa na saa tele, lakini vitabu vilivyoazimwa maktabani vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wala hawakuweza kueleza vema siku yao ilipitaje. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaishia, walikwenda upesi zaidi. Ulegevu haukufunga kiwanda kile; kufungwa kwa kiwanda ndiko kulikoleta ulegevu.

Tena mtu wa namna hii hutoweka hata katika hesabu. Kwa kipimo cha mataifa mengi, asiye na kazi ni yule asiyeajiriwa, aliye tayari kufanya kazi, na aliyeitafuta katika majuma ya karibuni. Akiacha kutafuta, hahesabiwi tena. Hivyo idadi yaweza kupungua ilhali hakuna hata mmoja aliyeajiriwa. Afrika Kusini hutangaza hesabu mbili, na ile iwajumlishayo waliokata tamaa huizidi nyingine kwa mbali sana. Watu hao wako, wanakula na kulala katika nyumba zetu, lakini asomaye hesabu moja tu hawaoni.

Hatusemi kwamba kijana hana wajibu. Na aamke mapema, ashike jembe au ajifunze ufundi kwa fundi wa mtaani, maana mkono usiotumika husahau. Lakini wajibu wake haufuti wetu. Tumaini ni kama akiba: likichotwa kila siku bila kuongezwa, huisha. Basi mwajiri na ajibu barua za waombaji, hata kama jibu ni hapana, wala asidai chai mbele ya kazi. Ndugu mwenye uwezo na atoe nauli bila kuisimulia. Nanyi wazazi, msimwulize kila jioni mbele ya wageni kama amepata. Akipata atawaambieni mwenyewe kwa furaha.

Milango mingi kijana huyu ameibisha, ikafungwa. Tukimwita mvivu, tutakuwa tumemfungia na ule wa mwisho, yaani wa nyumbani kwao.